Stelingi Aliyekataa Kulala Kaburini

Mwezi uliopita, mkiniaga kazini, mlinikalisha kwenye kiti cha plastiki mlichokifunika kwa kitambaa cha meza, mkanipa soda na kipande cha keki, kisha mkasema, "Mama Sela, tuachie maneno mawili matatu." Nilishika maiki, nikalia kidogo, nikairudisha. Mlishangaa. Mwanamke aliyeongea bila kupumzika tangu enzi za kanda, leo amekosa la kusema! Sikukosa. Ila niliyotaka kusema yasingetosha kwenye sherehe ambayo pilau ilikuwa inapoa na watoto wa jirani wameshapanga mstari. Basi nimekaa hapa nyumbani Langas, mtaani Eldoret, miguu iko kwenye karai la maji moto, nawaandikia.

Mambo ya vyeo na mishahara nitayaruka. Kwetu vyeo vilikuwa viwili tu, anayeshika maiki na anayeshika mlango, na mshahara ulikuwa unajulikana kwa kutokuonekana. Nataka niseme juu ya kitu kimoja. Nyinyi madijei wa muvi, mnaotafsiri filamu kwa maiki, mnadhani mtaji wa kazi hii ni sauti nzuri na Kiingereza cha kutosha. Mtaji wenyewe ni huu: ukiwaambia watu waliokaa kwenye benchi kwamba fulani amekufa, waamini amekufa. Mimi nilikaribia kuupoteza mtaji huo kabisa, na waliokaribia kunipotezea ni watu wa ng'ambo ambao hata hawajui kama Langas iko duniani, waliotengeneza filamu moja mara tisa.

Nilikuja Eldoret kutoka Ahero, kule upande wa ziwa, kumtembelea dada yangu aliyeolewa na mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Nilipanga kukaa kidogo tu. Baridi ya huku ilinitisha, lakini mandazi yangu yalinunuliwa, na mtu haondoki pale ambapo mandazi yake yananunuliwa. Nilikuwa nakaangia nje ya banda la video la Mzee Barasa. Mzee Barasa ni mtu wa Turbo, mrefu, havui kofia yake ya sufu hata jua liwake namna gani, na wakati huo sauti yake ilikuwa inapita mabati kama hayapo. Watu wa ndani walikuwa wanaona picha na kumsikia akiitafsiri. Mimi nilikuwa nasikia tu, mafuta yakichemka mbele yangu. Filamu moja ikirudiwa wiki nzima, nilikuwa naijua yote kwa masikio: mlango unapogongwa, gari linapoanguka, mahali ambapo watu watacheka.

Jumamosi moja Mzee Barasa alitoka nje ya banda, akanionyesha koo lake kwa kidole. Homa ilikuwa imeondoka na sauti yote. Banda limejaa na kanda imeshawekwa.

"Msichana," akanong'ona, "wewe huwa unacheka kabla watu wa ndani hawajacheka. Ingia ushike maiki."

"Lakini mzee, hii filamu sijawahi kuiona."

"Si umeisikia? Ingia. Hizo mandazi nitageuza mimi."

Niliingia na unga mikononi. Sasa, kule nje, kwa jinsi yule adui alivyokuwa akinguruma, nilikuwa nimeamini siku zote kwamba ni jitu la miraba minne. Sauti yake ilipoanza nikapaaza yangu: "Tazameni hilo jibaba linaingia!" Akaingia mtu mwembamba mwenye shingo kama ya kuku wa kienyeji. Banda zima likamtazama yeye, halafu likanitazama mimi. Nikaona nikinyamaza nimekwisha. Nikasema, "Jibaba lenyewe liko nyuma. Huyu ni wa kumbebea sauti." Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika, na Mzee Barasa akachungulia mlangoni akicheka bila sauti, ameshikilia nguzo. Mandazi yaliungua yote. Kesho yake alinunua maiki ya pili.

Vifaa vyetu mkiviona leo mtasikitika. Dek ya kanda ilikuwa inasafishwa kichwa kwa pamba na spiriti, na kanda iliyolegea tulikuwa tunaikaza kwa kuizungusha na biro. Maiki tulikuwa tunaivisha soksi ya mtoto ili mate yasiharibu ndani. Soksi iwe safi, na iwe ya pamba, ya nailoni inapiga kelele. Mashimo ya misumari kwenye mabati tuliziba na jojo iliyokwisha kutafunwa, maana jua la saa nane likiingia, picha inapotea. Chai ya tangawizi isikose, ila msinywe maziwa kabla ya kazi, yanafunga koo. Ushauri huu wa maziwa sikuweza kuufuata vizuri, na sababu yake mtaiona mbele.

Mzee Barasa alinifundisha kazi kwa kunikataza mambo. Usicheke kabla ya watu kucheka. Usimpe adui jina la kabila lolote, hata kwa mzaha. Mwite Kichwa Ngumu, mwite Shoka, lakini mtu yeyote akitoka hapa asiende nyumbani akihisi alikuwa upande wa adui. Filamu ikija itazame mara mbili, mara moja na sauti na mara moja bila, kwa sababu bila sauti ndipo utajua kama ina kitu au ni makelele tu. Na la mwisho alilisema amevua kofia, nami sijamwona akiivua kwa sababu ndogo: "Mtu akifa kwenye maiki yako, mzike vizuri. Usiruke ukaenda kwa vita vingine. Hapa ndani kuna watu wamefiwa."

Basi ndiyo ikaja filamu ya Sajini. Jina lake la Kiingereza ni refu na halina maana, sisi tulimwita Sajini. Mnajua stelingi ni nani, ni yule mhusika mkuu ambaye hata mvua ya risasi inyeshe, yeye inamlowesha tu. Sajini alikuwa stelingi wa kweli. Ile ya kwanza ilikuwa tamu jamani! Alikuwa na kovu shavuni, mke mwenye hasira za karibu, na tabia ya kufunga kamba za viatu kabla ya kupigana. Banda lilijaa mpaka watu wakasimama juu ya kreti za soda. Watoto wa Langas nzima wakaanza kufunga kamba za viatu kabla ya kupigana, hata waliovaa ndala.

Ya pili ilikuja, naye akapigana juu ya treni. Nzuri pia. Ya tatu akapigana juu ya meli, na hapo mimi nikaanza kujikuna kichwa, kwa sababu nilipoitazama bila sauti niliona ni ile ya treni, ila wameiweka majini. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilimwambia Mzee Barasa hivyo. Akasema, "Kweli, lakini bado linalewesha."

Ya nne ilifika baada ya ile vurugu ya uchaguzi iliyogombanisha majirani kwa makabila. Banda lilikuwa limefungwa kwa miezi, na tulipofungua, watu walirudi wakijipanga bila kuambiwa: sisi tuliotoka upande wa ziwa benchi za kushoto, wenyeji wa hapa Uasin Gishu benchi za kulia, na katikati njia pana kuliko inavyohitajika. Hakuna aliyegombana. Hakuna aliyecheka pia.

Na katika filamu hiyo, Sajini akafa. Alishikilia nguzo ya daraja mpaka watoto wa shule wakavuka wote, daraja likamwangukia. Nilisema, "Amekufa." Watu wakanijibu kwa sauti, "Stelingi hafi!" Nikasema tena polepole, "Huyu amekufa." Wakaniamini. Nilisikia pumzi za watu zikikatika, kushoto na kulia.

Sasa majina ya waliotengeneza filamu yakaanza kupanda kwenye skrini na muziki wa huzuni. Kawaida hapo ndipo watu huinuka kutafuta viatu. Hakuna aliyeinuka. Nikakumbuka maneno ya mzee, nikasema, "Wapendwa, tukae. Huyu mtu hana watu hapa isipokuwa sisi. Majina mnayoyaona yakipanda ni ya waliofika matangani. Huyo wa kwanza mwenye maandishi makubwa ametoa ng'ombe. Hao wa maandishi madogo wametoa kuku, na ndio wengi, mnajua wenyewe matanga yalivyo. Hilo kundi lililobanana pamoja ni kwaya." Watu walikuwa wanacheka na machozi yanatoka. Otieno, fundi wa baiskeli kutoka benchi za kushoto, alivuka ile njia ya katikati kumpa leso mama mmoja wa kulia aliyekuwa analia kwa kwikwi. Majina yalipoisha niliombea mwili, tukatoka nje. Jumamosi iliyofuata watu walikaa popote walipopata nafasi.

Yule mama wa leso ndiye Mama Chebet. Alikuwa na ng'ombe kwao Kaptagat, anauza maziwa sokoni Langas asubuhi, na mchana anakuja kwetu kupumzisha miguu. Kesho yake alinikuta nikifungua banda.

"Mama Sela," akasema, "mzee wangu nilimzika mwaka jana kama mtu anaota. Wageni ni wengi, sufuria ziko kwa moto, kila mtu ananiuliza chumvi iko wapi. Sikupata nafasi ya kulia. Jana ndiyo nimelia."

Aliniachia chupa ya maziwa, na tangu siku hiyo hakuacha kuniletea. Ndiyo maana ule ushauri wa maziwa ulinishinda. Ningemwambiaje huyo mama kwamba maziwa yake yanafunga koo?

Ninyi ambao mmezoea filamu za kuendelea mnajua kilichofuata. Mimi sikujua. Ya tano ilikuja na basi la Nairobi Ijumaa jioni, imechelewa, kwa hiyo tuliitazama mara moja tu, mimi na Mzee Barasa, mlango umefungwa. Dakika ya kwanza tu, Sajini yuko kwenye kitanda cha hospitali. Akafungua macho. Daktari akaeleza sababu, na sababu yenyewe ilikuwa ya kijinga, ati aliyeangukiwa na daraja alikuwa mtu mwingine aliyevaa nguo zake.

Mzee Barasa akavua kofia. "Hawa watu hawana heshima ya kifo."

"Mzee, Mama Chebet atakuwa hapo mbele kesho. Nitamwambia nilimliza bure?"

"Huwezi."

"Na picha inaonyesha ni yeye."

"Picha inaonyesha mtu," akasema. "Ni nani, wewe ndiye unajua."

Usiku huo sikulala vizuri. Mkisema ni filamu tu, sawa, semeni. Lakini yule mama alikuwa ameweka kilio cha mumewe mahali nilipomwambia ni salama, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kwenda kukifukua.

Jumamosi banda lilifurika. Uso ulipotokea pale kitandani, watu waliruka. "Stelingi hafi! Si tulisema!" Filimbi zikapigwa. Mama Chebet hakupiga filimbi. Hakuwa anatazama skrini, alikuwa ananitazama mimi.

"Tulieni," nikasema kwenye maiki. "Msifurahie msiba. Sajini tulimzika sisi wenyewe hapa. Huyu mnayemwona ni ndugu yake, anaitwa Koplo. Alikuwa mbali, habari za kifo zikamfikia amechelewa, akazimia. Ndiyo maana yuko hospitali."

"Ala, na kovu?" Otieno akapaza sauti. "Mama Sela, hata kovu ni ya ukoo?"

"Walianguka mti mmoja wakichunga ng'ombe."

"Siku moja?"

"Tawi moja."

Wakakubali kwa kunung'unika. Mama Chebet akarudisha macho kwenye skrini na mabega yake yakashuka. Nikafikiri nimepona. Kwa vile tuliitazama mara moja, tena kwa hasira, nilikuwa nimesahau kwamba huyu mtu atatoka hospitali aende nyumbani. Akaenda. Mjane wa Sajini akafungua mlango, akamkumbatia, akambusu, na si busu la shemeji.

Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi ya maiki. Kisha Otieno akainuka na kupiga makofi.

"Haki yake! Ameshika nyumba ya ndugu yake! Mlitaka nani aishike?"

Watu wa kwetu kutoka ziwani, ambako mjane hurithiwa na shemeji yake, wakamuunga mkono kwa vigelegele. Mzee mmoja mwenyeji akainua fimbo yake. "Hata kwetu hiyo ilikuwako zamani. Lakini hapana namna hii, kama kuku. Lazima wazee wakae kwanza."

"Mama Sela, wazee walikaa?" wakaniuliza.

"Walikaa wiki jana," nikasema. "Hamkualikwa."

Mabishano yakawa makali hata Mzee Barasa akasimamisha dek, kitu ambacho hakuwahi kufanya isipokuwa stima zikipotea. Koplo na shemeji yake walibaki pale wameshikana, wanatetemeka kwenye skrini, huku Langas ikijadili kesi yao. Mahari, watoto, shamba, yote yaliguswa. Ndipo Mama Chebet akaongea bila kuinuka.

"Na huyo mama mwenyewe, kuna mtu amemuuliza kama anataka?"

Wanaume wote wakatafuta kitu cha kutazama sakafuni. Nilijua ndani ya swali hilo mna mambo ya ujane wake kule kwao Kaptagat ambayo hakuna aliyeyajua. Nikasema kwa sauti ya kawaida, si ile ya maiki, "Ameulizwa, mama. Amesema atamwangalia kwanza." Mzee Barasa akaachia dek. Na Mungu si Athumani, kitu cha kwanza yule mjane alichofanya picha ilipoendelea ni kumzaba yule mwanamume kofi la kusikika. Sijawahi kusikia shangwe kama ile katika maisha yangu ya kazi. Mama Chebet alicheka mpaka akafuta macho kwa ile ile leso ya Otieno, maana hakuwahi kuirudisha.

Ningefurahi kama mambo yangeishia hapo. Lakini wenye filamu yao walishaonja. Waligundua kwamba mtu akifa tiketi zinauzwa, na akifufuka zinauzwa tena. Katika ya sita Koplo akafa. Katika ya saba akarudi, nikasema huyu ni Kapteni, kaka yao mkubwa. Kichwa Ngumu, adui yao, ambaye tulimwona kwa macho yetu akikatika vipande, akarudi mzima na ndevu. Mke akafa na akarudi, kisha mbwa. Otieno akauliza, "Huyo mama yao alizaa familia ama alizaa jeshi?" Watu wakacheka. Mara ya pili kuuliza hakuna aliyecheka, hata yeye.

Uchovu wa filamu mnauelewa vibaya sana nyinyi vijana. Mnafikiri filamu iliyochoka ni ile yenye makosa. Hapana. Kadiri zilivyochoka ndivyo zilivyokosa makosa. Milipuko ikawa mikubwa na picha zikang'aa, na kila kitu kikawa mahali ambapo ungekitarajia. Siku moja nilijiandaa kwa ya sita tuliyokuwa tunairudia kwa ombi la watu, mtu wa mlangoni akakosea akaweka ya saba. Nikaitafsiri mpaka mwisho kwa maneno ya sita. Ngumi ziliangukia maneno yangu moja kwa moja, hata kilio kiliangukia pale pale. Hakuna aliyegundua, wala mimi. Ni Mama Chebet aliyeniambia mlangoni, "Leo ulikuwa unaongea kama mtu anasoma matangazo ya kanisa." Niliporudi ndani nikaona jalada la kanda, nikakaa chini.

Katika ya nane nilifanya alivyonifundisha mzee, nikaitazama bila sauti, na kwa mara ya kwanza nikamtazama yule mwigizaji kama mtu. Alipanda ngazi akishikilia ukuta. Akifika juu, picha inakatwa, anaruka mtu mwingine mwenye mgongo wa kijana. Kamba za viatu hakuinama tena kuzifunga, aliwekewa kiatu juu ya meza. Macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba ruhusa ya kwenda nyumbani na kila anapofika kwenye geti anaitwa. Nilimhurumia sana. Nikajihurumia na mimi pia, nisiwafiche.

Watu nao walikuwa wanapungua. Simu zilikuja, ving'amuzi vikaja, na nyinyi mkaanza kurekodi tafsiri zenu na kuzituma kila mahali. Sina kinyongo, mnafanya kazi nzuri, ingawa wengine mnacheka kabla ya watu kucheka. Mzee Barasa masikio yalimwishia, akarudi Turbo kwa mahindi yake. Banda likabaki na mimi, projekta ya mkopo, na wale wa zamani waliokuja zaidi kwa kuonana.

Habari zikaja kwamba ya tisa ndiyo ya mwisho. Nikaamua na mimi iwe yangu ya mwisho. Mkatangaza nyinyi wenyewe kwa simu zenu, na Jumamosi hiyo mlikuwepo, mmesimama nyuma, kwa hiyo nisitie chumvi. Mzee Barasa aliletwa na mwanawe, akakalishwa mbele karibu na Mama Chebet. Nilimpigia kelele sikioni, "Mzee, utasikia kweli?" Akasema, "Si nilikuambia hizi zinatazamwa bila sauti?"

Ndugu walikuwa wameniishia, kwa hiyo stelingi wa ya tisa nilimwita Kitinda Mimba, ingawa alikuwa na mvi kuliko kaka zake wote. Mlicheka. Tukaenda hivyo kwa mzaha mpaka mwisho, kwenye mgodi unaoporomoka, naye akishikilia mlango wa chuma watoto watoke. Mzee Barasa akageuka akasema kwa sauti ya kiziwi, yaani sauti kubwa, "Si hii ni ile ya daraja?" Mlango ukashuka. Vumbi.

Nikasema, "Amekufa."

Banda zima likacheka.

Sitawaficha, kicheko hicho kiliniuma kuliko kitu chochote katika kazi hii. Hamkucheka kwa ubaya. Mlicheka kwa sababu mmefundishwa, filamu baada ya filamu, kwamba neno hilo halina uzito. Nilishika maiki nikaona ni chuma na soksi tu. Majina yakaanza kupanda, watu wakaanza kuinuka kutafuta simu zao.

Nikaanza kusoma. "Tukae kidogo, wapendwa. Huyu alikuwa wa mwisho, nyumba yao sasa haina mtu. Huyo wa maandishi makubwa ametoa ng'ombe. Mzee Barasa wa Turbo amefika, ametoa gunia la mahindi. Otieno fundi amefika, ametoa leso, hajarudishiwa mpaka leo." Kicheko kikabadilika. Waliosimama wakakaa. "Mama Chebet wa Kaptagat ametoa maziwa. Hao vijana waliosimama nyuma ndio watakaochimba kaburi, wavue viatu vya kwenda disko." Nilisoma mpaka sauti ikaanza kukwaruza, nikawataja wote waliowahi kukaa kwenye benchi zile, hata waliohama, hata waliotangulia, na kwa hao wa mwisho nilisema tu kwamba wamefika mapema. Hakuna aliyecheka tena. Nilisema, "Amechoka, amelala," na nikasikia zile pumzi, kama miaka ile, kushoto na kulia.

Majina yakaisha. Skrini ikawa nyeusi. Halafu, kama mnavyojua desturi yao, picha ikarudi. Vumbi lile, mawe yale, na kati ya mawe, kidole. Kidole kikaanza kucheza.

Mtu nyuma akasema, "Stel—"

Mama Chebet aliinuka. Magoti yake siku hizi si mazuri, alijishikilia bega la Mzee Barasa, akatembea polepole mbele ya ule mwanga hata kidole kile kikaonekana mgongoni mwake, kwenye kitenge. Akafika ukutani akazima swichi. Tulibaki na vile vijua vidogo vya mashimo ya misumari ambayo jojo lake limeanguka.

"Tumeshazika," akasema. "Hapa hatufukui mtu."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, mama, weka hiyo maiki chini. Kuja ukunywe maziwa, sasa hata ikifunga koo hakuna shida."

Kumbe alijua siku zote. Nililia hapo, na tena kwenye sherehe yenu, kwa sababu ile ile. Waliniamini. Baada ya uongo wote ule wa ng'ambo, nilisema mtu amekufa na watu wangu wakaniamini.

Juzi mmoja wenu amenipigia simu akisema ya kumi inakuja, eti kile kidole kilikuwa cha stelingi, na kwamba nikitaka nirudi niitafsiri japo hiyo moja. Ameniuliza kama sina hamu ya kujua alitokaje kwenye mgodi. Mwanangu, sina. Itafsirini nyinyi, mkipenda mseme ni jirani yao. Mimi huyo mtu najua alizikwa Langas Jumamosi mchana, nilikuwepo, na waliofika matangani niliwasoma kwa majina.